Hertha Ayrton, mama aliyejua kwa nini umeme hulia

Giza linapotanda juu ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Dandora na Kayole, ipo sauti moja ambayo wakazi wengi wameizoea kiasi cha kutoisikia tena. Ni sauti ndogo, kama ya mafuta yanayokaangia mbali, itokayo ndani ya soketi ukutani pindi koili ya kupikia au pasi inapochomekwa. Hulia, ikanyamaza, ikarudi. Mwenye chumba huipiga soketi ile kofi moja, sauti ikakoma, naye akaendelea na shughuli zake akiamini kwamba ameitengeneza. Mimi nilikulia katika mitaa hiyo, na kofi hilo nimelipiga mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, soketi niliyokuwa nimeizoea hivyo iliyeyuka. Plastiki yake iligeuka nyeusi, harufu kama ya samaki aliyeoza ikajaa chumbani, na ukuta ukabaki na doa la masizi. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa tulikuwa bado macho. Kilichonishangaza si moto huo mdogo bali ni fyuzi. Haikukatika. Tulipoifungua plagi tuliikuta nzima, kana kwamba hakuna lolote lililotokea nyumbani humo.

Swali la kwa nini mlinzi alilala ilhali mwizi yumo ndani lilinisumbua kwa muda mrefu. Ndilo lililonipeleka, mimi mwalimu wa isimu nisiye mhandisi, hadi kwenye maisha ya mama mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Hertha Ayrton. Naamini walimu na wanafunzi wetu wanapaswa kumjua, si kwa sababu ya umaarufu wake tu, bali kwa sababu alitufundisha namna ya kuisikiliza sauti kabla ya kuiogopa au kuipuuza.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1854 huko Portsea, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, akapewa jina la Phoebe Sarah Marks. Baba yake, Levi Marks, alikuwa fundi wa saa, Myahudi aliyehamia Uingereza kutoka Poland. Fundi huyo alifariki mwaka wa 1861, akamwacha mkewe Alice na watoto saba, wa nane akiwa bado tumboni. Mama yule akashika sindano, akawa mshonaji wa nguo, na kwa uzi huo akaishikilia familia isitawanyike. Wasomaji wangu wa Eastlands hawahitaji kuelezwa zaidi hali hiyo; kila ploti ina mama wa aina hiyo.

Sarah alipotimiza miaka tisa alichukuliwa na mama zake wadogo waliokuwa na shule London. Huko ndiko akili yake ilikochangamka. Akiwa na miaka 16 tayari alikuwa akifanya kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za watu ili ajikimu. Ni katika ujana huo rafiki yake alipomwita Hertha, jina la kale la mungu wa ardhi wa makabila ya Ujerumani. Jina hilo likamkaa, likalifunika lile la kuzaliwa.

Bahati yake kubwa ilikuwa kukutana na Barbara Bodichon, mmoja wa akina mama walioanzisha Chuo cha Girton, Cambridge, ili wasichana nao wapate elimu ya juu. Kwa msaada wa Bodichon na marafiki zake, miongoni mwao mwandishi wa riwaya George Eliot, Hertha aliingia Girton katika miaka ya 1870 kusomea hisabati. Alikuwa mwanafunzi asiyetulia. Aliunda kifaa cha kupimia mapigo ya damu, akaongoza kwaya, akaanzisha chama cha hisabati pamoja na mwenzake Charlotte Scott. Tena akaanzisha kikosi cha zimamoto cha wanafunzi wa chuoni.

Hapo, msomaji, napenda tusimame kidogo. Msichana aliyekuja kuwa bingwa wa cheche za umeme alianza kwa kuwapanga wasichana wenzake wajue la kufanya moto ukizuka. Hakungoja jengo liungue ndipo aulize maji yako wapi. Ni shule ngapi zetu leo, katika Eastlands na nje yake, ambazo wanafunzi wake wanaweza kusema kikosi chao cha zimamoto kina nani na hukutana lini?

Mwaka wa 1880 Hertha alifaulu mtihani wa hisabati wa Cambridge. Hakupewa shahada. Wakati huo chuo hicho kiliwapa wanawake cheti tu, hata kama wamejibu maswali yale yale waliyoyajibu wanaume, na hali hiyo haikubadilika kikamilifu hadi mwaka wa 1948. Hertha hakukaa kulia. Alifanya mtihani wa Chuo Kikuu cha London, akapata shahada yake ya sayansi mwaka wa 1881. Mwaka wa 1884 akapata hataza ya kifaa cha kugawanya mstari katika sehemu zilizo sawa, chombo ambacho wachoraji wa ramani za majengo walikifurahia. Katika maisha yake yote alisajili hataza 26.

Ndipo alipoanza kuhudhuria masomo ya jioni ya umeme katika Chuo cha Ufundi cha Finsbury, London, yaliyofundishwa na Profesa William Ayrton. Mwalimu na mwanafunzi walioana mwaka wa 1885, na mwaka uliofuata wakapata binti, Barbara, aliyekuja baadaye kuwa mbunge.

Sasa natuingie katika kiini cha kazi yake. Chukua vijiti viwili vya kaboni vilivyounganishwa na umeme, uviguse pamoja, kisha uvitenganishe kidogo. Umeme haukatiki. Unaruka hewani kutoka kijiti kimoja hadi kingine na kuwaka kwa mwanga mkali usiotazamika. Wahenga wetu walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hapa vijinga viwili ni vya kaboni, na moto wake hufikia joto la maelfu ya nyuzi. Vijiti vikilazwa, hewa ya moto huuinua mwali ule ukajipinda kama upinde, na kwa sababu hiyo wataalamu wakauita tao la umeme.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, taa za tao ndizo zilizoangaza barabara kuu za miji ya Ulaya. Zilikuwa na ila moja kubwa. Zilifoka na kulia kama nyoka, mwanga wake ukapepesuka, na watu hawakujua sababu. Mafundi walijua tu kwamba ukizidisha mkondo wa umeme taa hulia. Kujua jambo hutokea lini si sawa na kujua kwa nini hutokea, na hapo ndipo utafiti ulipokwama.

Profesa Ayrton mwenyewe alikuwa ameanza kulichunguza tao hilo. Mwaka wa 1893 aliwasilisha makala yake kwenye mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Chicago. Kwa msiba ambao mtunga hadithi angeogopa kuubuni, makala hayo ya moto wa umeme yaliungua kwa bahati mbaya kabla ya kuchapishwa. Mume alikwisha kuhamia kazi nyingine. Mke akaamua kuanza upya, tangu jaribio la kwanza, na kuifanya kazi hiyo kuwa yake.

Hertha alipima kwa subira. Alibadilisha urefu wa tao, akabadilisha unene wa vijiti, akabadilisha mkondo, na kila mara akaandika idadi ya volti na ampea. Kutokana na vipimo hivyo alitoa kanuni moja iliyounganisha msukumo wa umeme, mkondo na urefu wa tao, mahali ambapo watangulizi wake walikuwa wameona vurugu tupu. Matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka wa 1895 katika gazeti la wahandisi wa umeme la London.

Kisha akaligeukia lile swali la mlio. Aliona kwamba kijiti cha upande chanya huchimbika shimo dogo kwenye ncha yake, na kwamba tao likiwa tulivu shimo hilo hufunikwa na mvuke wa kaboni, hewa isilifikie. Mkondo ukizidi, shimo hupanuka hadi likatambaa kwenye ubavu wa kijiti, hewa ikapenya, na oksijeni ikaishambulia kaboni iliyo moto mno. Huo ndio mlio. Papo hapo volti hushuka ghafla na mkondo hupanda. Hakuishia kwenye kukisia. Alilifungia tao ndani ya chombo kisichoingiza hewa, akazidisha mkondo, na tao halikulia. Alipoipeleka oksijeni kwenye shimo, mlio ukaanza.

Tarehe 23 Machi 1899 Hertha alisimama mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Umeme, London, akayasoma makala yake mwenyewe kuhusu mlio wa tao, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika ukumbi ule. Muda mfupi baadaye wakamchagua kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kuipata heshima hiyo. Mwaka wa 1902 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya tao la umeme, kilichokusanya kazi ya karibu miaka kumi.

Ungedhani kwamba milango yote sasa ilikuwa wazi. La, hasha. Mwaka wa 1901 makala yake kwa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi yalisomwa na mwanamume, John Perry, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuyasoma. Mwaka wa 1902 jina lake lilipendekezwa ili awe mwanachama wa jumuiya hiyo. Wanasheria wakashauri kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuandikishwa, eti mbele ya sheria hana nafsi yake mbali na mumewe. Mwaka wa 1904 hatimaye aliruhusiwa kusoma makala yake mwenyewe hapo, safari hii juu ya viwimbi ambavyo mawimbi huvichora kwenye mchanga wa pwani. Mwaka wa 1906 jumuiya ile ile iliyomkatalia uanachama ikamtunukia Nishani ya Hughes kwa kazi zake hizo mbili, tao la umeme na viwimbi vya mchanga. Wanawake wa kwanza kuandikishwa humo waliingia mwaka wa 1945, yeye akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 20.

Wapo walionong'ona kwamba kazi ile kwa kweli ilikuwa ya Profesa Ayrton. Mumewe aliliona hilo mapema, akajitahidi asishirikiane naye katika utafiti ili watu wasipate kisingizio. Hertha naye aliona maradhi hayo hayo yakimwandama rafiki yake Marie Curie, ambaye magazeti yalipenda kumhesabia mumewe ugunduzi wa radiamu, akaandika hadharani kumtetea. Jamii iliyojaa kelele haikuweza kuitambua ishara iliyokuwa mbele ya macho yake.

William Ayrton alifariki mwaka wa 1908. Mjane wake hakunyamaza. Alijiunga na harakati za kudai kura kwa wanawake, akaandamana, na mwaka wa 1911 maafisa wa sensa walipoleta fomu akakataa kuijaza, akihoji vipi awe na akili ya kujibu maswali ya serikali ilhali anahesabiwa kuwa hana akili ya kumchagua mbunge. Wanaharakati waliotoka gerezani wakiwa mahututi kwa kususia chakula aliwauguza nyumbani kwake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka na gesi ya sumu ikaanza kuwaua askari ndani ya mahandaki, aliyarudia maarifa ya mawimbi na mikondo ya hewa, akabuni pepeo la mkono la kuifukuza gesi. Wakubwa wa jeshi walisitasita, yeye akashikilia, na mwishowe mapepeo zaidi ya laki moja yakapelekwa kwenye uwanja wa vita. Alifariki tarehe 26 Agosti 1923 katika jimbo la Sussex, kwa sumu ya damu iliyotokana na kuumwa na mdudu.

Msomaji atauliza: maisha haya ya London yanatuhusu nini sisi wa Jogoo Road? Yanatuhusu, kwa kuwa umeme wetu ni rika la kazi yake. Mwaka wa 1908, mwaka aliofiwa na mumewe, ndio Nairobi ilipopata kampuni yake ya kwanza ya umeme, na Mombasa ikapata yake, ikitumia mtambo ambao Sultani Barghash wa Unguja alikuwa ameununua kuangazia kasri lake. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka wa 1922, mwaka mmoja kabla ya Hertha kufariki. Mitaa ya Eastlands ilipojengwa na kupanuka katika miongo iliyofuata, nyaya zikaingia chumba baada ya chumba, na wakazi wakauita umeme stima, neno lililokuwa likitaja chombo kiendeshwacho kwa mvuke. Pamoja na stima, tao nalo liliingia majumbani mwetu bila kubisha hodi.

Narudi sasa kwenye fyuzi yangu iliyolala. Fyuzi hulinda dhidi ya mkondo uliozidi. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240. Koili ya wati 2,000 huvuta takriban ampea 8, na plagi yetu ya miguu mitatu hutiwa fyuzi ya ampea 13. Skrubu ya soketi ikilegea, waya hauukati mkondo. Huachana kidogo na chuma chake, na umeme ukaruka mwanya huo kama ulivyoruka kati ya vijiti vya Hertha. Mkondo hauongezeki hata chembe. Hupungua kidogo, kwa kuwa mwanya wenyewe unaupinga. Ikiwa mwanya ule umekula volti 30, basi wati zaidi ya 200 zinachoma mahali padogo kama punje ya mchele, pembeni mwa plastiki. Fyuzi inapima ampea 7 na kuona kwamba kila kitu ni shwari. Si kwamba imeharibika. Imeulizwa swali jingine, na imelijibu sawasawa.

Ndiyo maana wahandisi wakabuni mlinzi wa aina nyingine, swichi inayousikiliza umeme wenyewe na kuukata inapotambua tao la hatari. Marekani iliweka kanuni hiyo katika toleo la mwaka wa 1999 la kanuni zake za umeme, ikianza na vyumba vya kulala kuanzia Januari 2002. Kiwango cha kimataifa kilitolewa mwaka wa 2013, na Uingereza ikaulazimisha ulinzi huo katika baadhi ya majengo ya hatari zaidi kwa mabadiliko ya kanuni ya mwaka wa 2022. Sidai kwamba Hertha ndiye aliyeubuni. Tao lake lilikuwa la kaboni na mkondo wa upande mmoja, ilhali hili letu ni la shaba na mkondo unaogeuka. Lakini fikra ya kwamba mlio wa tao una sababu inayoweza kupimwa, na kwamba sababu hiyo huacha alama katika volti na ampea, ni mali yake.

Kazi ngumu ya mlinzi huyu si kulisikia tao, bali ni kutopiga kamsa ya bure. Cheche zimejaa katika maisha yetu. Kila unapozima taa, cheche ndogo huruka ndani ya swichi. Mota ya keekee na ya mashine ya kusagia matunda hutoa cheche muda wote inapozunguka. Fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi hulitumia tao lenyewe kujipatia riziki. Mlinzi anayekata umeme kwa kila cheche ataifanya nyumba isikalike. Vifaa vya mwanzo huko Marekani vililalamikiwa kwa sababu hiyo hasa. Vilikata umeme mtu akipiga zulia mashine, na wenye nyumba wakaamua kuving'oa. Kifaa kilichong'olewa hakimwokoi mtu.

Dawa iliyopatikana ni ile ile ya Hertha, yaani kuyatambua maumbile ya sauti. Mkondo wetu hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Kila mara hiyo tao hufifia, likawaka tena kwa kuchelewa kidogo, hivyo huacha pengo pale pale. Juu ya hayo huchanganya mngurumo wa masafa mengi ya juu, usiofanana kutoka nusu ya wimbi moja hadi nyingine. Cheche ya swichi huja mara moja ikaondoka. Kelele ya mota hufuata mwendo wa mota, si wa sifuri za mkondo. Kifaa huzihesabu alama hizo, na kinapewa muda maalumu wa kuamua: kwa tao la ampea 2.5 kina sekunde moja, na kwa tao la ampea 32 kina sekunde 0.12 tu. Hatari ikiwa kubwa, subira hupunguzwa.

Nikiwa mtu wa lugha, siwezi kulitazama jambo hili bila kumkumbuka mtoto anayejifunza kusema. Mtoto wa Kaloleni huzungukwa na kelele za kila namna, matatu, redio, wachuuzi, majirani. Katika kelele hizo hujifunza kwamba tofauti kati ya p na b huigeuza pata kuwa bata, hivyo haifai kuipuuza. Hujifunza pia kwamba sauti nene ya babu na sauti nyembamba ya dada hazilibadilishi neno, hivyo anaweza kuziacha zipite. Kusikia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua lipi la kuachwa lipite.

Sisi wakubwa tumekosea pande zote mbili. Kwanza, tunapiga kamsa pasipo na ushahidi. Nyumba ikiungua, kabla majivu hayajapoa husikika kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme. Huenda ni kweli, huenda ni jiko, huenda ni mshumaa, huenda ni mkono wa mtu. Neno hilo limekuwa blanketi la kufunikia kutojua, na likisemwa kila mara, siku lilipo la kweli halimshtui yeyote. Hertha asingelikubali. Angeutafuta waya ule, aitazame ncha yake, ajaribu.

Pili, kamsa ya kweli tunaizima. Nimeona kwa macho yangu kipande cha waya kikifungwa mahali pa fyuzi kwa sababu fyuzi inasumbua kwa kukatika. Nimeona extension moja ikibeba koili, pasi na friji, ikiwa imeviringwa tepu nyeusi kama mguu wa mgonjwa. Mlinzi wa usiku akipuliza firimbi tukamnyang'anya firimbi, tusishangae mwizi akiingia kimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika vyumba vya mabati na mbao hakuna ukuta utakaosalia wa kujenga.

Najua swichi hizo mpya ni ghali. Katika nyumba za Eastlands nilizoingia sijaiona hata moja, na sitamwambia mpangaji wa chumba kimoja akanunue kitu kinachoshinda kodi yake. Lakini masikio tumepewa bure. Soketi inayolia, plagi yenye joto, taa inayopepesuka jirani akichomeka pasi, harufu ya samaki pasipo samaki, hizo ni alama za tao. Anayezitambua azime swichi kuu, aache kuigusa soketi, amwite fundi aliyehitimu akaze skrubu au abadilishe kifaa. Mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi ana wajibu wa kulipia ukaguzi huo, na mpangaji ana haki ya kuudai bila kutishwa kufukuzwa. Hii si hisani.

Kwenu walimu wenzangu, nawaomba mfundishapo umeme msiishie kwenye kanuni za ubaoni. Wapeni wanafunzi soketi iliyoungua waitazame, na muwaulize kwa nini fyuzi haikukatika. Wasimulieni habari za binti wa fundi saa aliyefiwa na baba akiwa na miaka saba, akaunda kikosi cha zimamoto shuleni, akanyimwa shahada, akanyimwa kiti, na bado akalijibu swali ambalo wenye viti na shahada walikuwa wameliacha.

Nanyi wanafunzi, hasa wasichana wa Eastlands mnaosoma usiku kwa taa ya chumba kimoja, jioni ya leo nyamazeni kidogo mkasikilize ukutani. Mkisikia mlio, msiupige kofi. Ulizeni kwanza unatoka wapi.